Blackpool: mji wa likizo uliopokea watoto wa vita

Mji wa Blackpool uko kando ya bahari, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Treni ilifika huko mwaka wa 1846, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire wakaanza kwenda kupumzika. Kila mji wa viwanda ulikuwa na juma lake: mashine zinazimwa, watu wanaondoka pamoja. Lakini juma hilo halikulipwa. Familia ziliweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima katika vikundi mfano wa AVEC za kwetu, kisha pesa zikagawanywa karibu na safari.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, malori ya jeshi yaligeuzwa kuwa mabasi ya abiria, na safari za kwenda baharini zikaongezeka. Mwaka wa 1938 sheria ikafungua njia ya likizo yenye malipo.

Mwezi wa tisa 1939, vita ikarudi. Watoto kutoka Liverpool na Manchester walipelekwa Blackpool, mbali na mabomu. Akina mama waliozoea kukodisha vyumba kwa wageni wa likizo waliwapokea. Kwa mtoto mmoja, serikali ya Uingereza ililipa mwenye nyumba shilingi 10 na peni 6 kwa juma.

Vyumba vilikuwepo, na chakula cha mgeni kilikuwa na mlipaji. Kupokea waliokimbia vita kunaomba roho nzuri, lakini familia inayopokea nayo ina sufuria ya kujaza.