Jinsi udhibiti wa vyama unavyobadilika katika mabunge ya kaunti: Mfano wa Burat, Isiolo

MPIGAKURA wa Burat, mojawapo ya wadi kumi za kaunti ya Isiolo, hupokea karatasi sita aingiapo kituoni siku ya Uchaguzi Mkuu. Karatasi ya diwani, kama wengi wangali wanavyomwita mwakilishi wa wadi, ndiyo inayotajwa kwa nadra zaidi katika mikutano mikubwa ya kampeni. Hata hivyo, ndiyo inayochangia kuamua chama kitakachodhibiti bunge la kaunti, chombo kinachopitisha bajeti, kuidhinisha mawaziri wa kaunti na, mambo yakiharibika, kumtimua gavana.

Udhibiti huo hubadilika mara kwa mara, na mabadiliko yenyewe hayaishii debeni. Yana hatua tatu: kura ya wadi, mgao wa viti maalum, na mapatano ya vyama baada ya matokeo kutangazwa. Mwananchi hushiriki moja kwa moja katika hatua ya kwanza tu. Hizo nyingine mbili huendelea asipoziona, ingawa matokeo yake humfikia hadi mlangoni.

Burat na bunge lake

Wadi ya Burat imo katika eneobunge la Isiolo Kaskazini pamoja na Wabera, Bulla Pesa, Chari, Cherab, Ngare Mara na Oldonyiro. Wadi tatu zilizosalia, yaani Garbatulla, Kinna na Sericho, zimo Isiolo Kusini. Wakazi wa Burat ni wa jamii mbalimbali. Wapo wafugaji, na wapo wakulima wanaotegemea maji ya mto Isiolo kunyunyizia mashamba yao.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti huduma ambazo watu wa aina hiyo huzihitaji kila siku: zahanati, barabara za kaunti, elimu ya chekechea, maji, huduma za mifugo, masoko na machinjio. Fedha za huduma hizo haziwezi kutumika kabla ya bunge la kaunti kuziidhinisha. Ndiyo sababu swali la nani ana wingi wa viti katika bunge la Isiolo si la wanasiasa peke yao. Mkulima anayesubiri mfereji na mama anayesubiri dawa zahanatini nao wamo ndani ya swali hilo.

Hatua ya kwanza: Kura ya wadi

Kenya ina kaunti 47 na wadi 1,450. Kila wadi humchagua mwakilishi mmoja, na anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, hata akiwa amepata chini ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Katika wadi yenye jamii kadhaa na wagombeaji wengi, mshindi anaweza kupenya kwa idadi ndogo ya kura, na kiti kikahama kutoka chama kimoja hadi kingine bila wapigakura wengi kubadilisha nia zao.

Bunge la Isiolo lililotokana na uchaguzi wa Agosti 9, 2022 lina wanachama 18: kumi waliochaguliwa katika wadi na wanane wa kuteuliwa. Katika bunge dogo kiasi hicho, wadi moja ina uzito ambao haungeonekana katika kaunti yenye wadi nyingi kama Nairobi, ambayo ina 85.

Hatua ya pili: Viti maalum

Kifungu cha 177 cha Katiba kinataka asilimia ya wanachama wa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kinataka pia makundi yaliyotengwa, wakiwemo walemavu na vijana, yawe na wawakilishi. Viti vinavyoongezwa kwa ajili hiyo hugawiwa vyama kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda. Majina hutolewa katika orodha ambazo vyama huziwasilisha kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kabla ya siku ya kura.

Maana yake ni kwamba ushindi wa wadi moja huhesabiwa mara mbili. Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha kwanza kimeshinda wadi tano kati ya kumi, cha pili nne na cha tatu moja. Viti vinane vya uteuzi vikigawanywa kwa uwiano huo, cha kwanza kitapata vinne, cha pili vitatu na cha tatu kimoja. Jumla itakuwa 9, 7 na 2. Sasa tuseme Burat peke yake imekihama chama cha kwanza na kwenda cha pili. Wadi zitakuwa nne, tano na moja. Viti maalum vitatu, vinne na kimoja. Na jumla 7, 9 na 2. Aliyekuwa mbele kwa viti viwili sasa yuko nyuma kwa viti viwili, na kilichobadilika ni matokeo ya wadi moja tu. Hesabu halisi ya IEBC hufanywa kwa kila kundi la viti maalum kivyake, kwa hivyo tarakimu zaweza kutofautiana kidogo, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mpigakura hulisahau. Mgombeaji wa kujitegemea hana chama, na kwa hivyo hana orodha ya uteuzi. Wadi inayomchagua hupata sauti moja bungeni, bila fungu lolote katika viti maalum. Huenda wananchi wana sababu nzuri za kumpendelea mtu binafsi kuliko chama, lakini wafanye hivyo wakijua bei yake.

Hatua ya tatu: Mapatano baada ya kura

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kiongozi wa walio wengi bungeni atatoka katika chama au muungano wa vyama wenye wanachama wengi zaidi. Neno "muungano" ndilo lenye mlango. Chama kilichoongoza kwa viti kinaweza kujikuta upande wa wachache endapo vyama vidogo vitaungana dhidi yake.

Katiba imejaribu kuuziba mlango huo. Kifungu cha 194 kinasema diwani aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama hupoteza kiti akijiuzulu kutoka chama hicho, na aliyechaguliwa bila chama hupoteza kiti akijiunga na chama. Lakini sheria haimzuii mtu kubaki katika chama chake kwa jina huku akipiga kura pamoja na upande wa pili.

Mvutano wa aina hiyo ulionekana wazi katika Bunge la Taifa. Baada ya uchaguzi wa 2022, vyama vidogo vilivyokuwa ndani ya Azimio la Umoja vilihamia Kenya Kwanza, na Oktoba mwaka huo Spika Moses Wetang'ula akaamua kwamba Kenya Kwanza ndio wengi. Februari 7, 2025, Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili tangu uamuzi kutolewa.

Historia: Mabunge ya majimbo

Haya si mageni nchini Kenya. Mnamo Mei 1963, kabla ya uhuru, nchi ilikuwa na mabunge ya majimbo. KADU ilidhibiti Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani. Daniel arap Moi aliongoza bunge la Bonde la Ufa, na Ronald Ngala la Pwani. Isiolo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, iliingizwa katika Jimbo la Mashariki wakati ambapo sehemu kubwa ya eneo la kaskazini ilikuwa ikigombania hatima yake. Jina la wadi ya Wabera ni kumbukumbu ya Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 1963.

Novemba 1964 KADU ilijivunja na viongozi wake wakajiunga na KANU. Mabunge yaliyokuwa ya upinzani yakawa ya chama tawala bila hata kura moja kupigwa, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 12, 1964, majimbo yalikuwa yamepokonywa mamlaka yake. Ilipofika 1966, ndipo sheria ikabadilishwa ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapigakura. Shabaha wakati huo ilikuwa wafuasi wa Jaramogi Oginga Odinga waliokuwa wameihama KANU.

Nusu karne baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa njia ya muungano. Septemba 2016, TNA, URP na vyama vingine viliyeyushwa ndani ya Jubilee. Madiwani waliokuwa wamechaguliwa mwaka 2013 kwa tiketi za vyama hivyo walijikuta katika chama ambacho jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura.

Isiolo tangu 2013

Kaunti ya Isiolo yenyewe haijawahi kukaa muda mrefu chini ya mwavuli mmoja. Mwaka 2013 Godana Doyo alishinda ugavana kwa tiketi ya URP, na Mohammed Kuti wa chama hicho hicho akawa seneta, ilhali kiti cha ubunge cha Isiolo Kaskazini kilimwendea Joseph Samal wa ODM. Mwaka 2017 Kuti alishinda ugavana akiwa mgombeaji wa kujitegemea. Useneta ukaenda kwa Fatuma Dullo wa Jubilee, na viti vyote viwili vya ubunge vikachukuliwa na Kenya Patriots Party. Mwaka 2022 upepo uligeuka tena: Abdi Guyo alishinda ugavana kwa tiketi ya Jubilee, na chama hicho kikanyakua pia useneta, kiti cha mwakilishi wa wanawake na viti vyote viwili vya ubunge.

Katika chaguzi tatu, kila gavana alikuwa mpya na mwelekeo wa vyama ukawa mwingine. Mtu wa Isiolo huangalia zaidi mgombeaji, ukoo na mapatano ya wazee kuliko rangi ya chama. Kwa hivyo chama huwa gari la kufikia safari, na abiria hushuka wakifika.

Wingi wa viti si utiifu

Hapo ndipo palipo funzo kubwa. Gavana akikosa chama bungeni, huwa hatarini. Katika kaunti jirani ya Meru, Kawira Mwangaza alichaguliwa mwaka 2022 bila chama, na madiwani wakapiga kura ya kumtimua mara tatu: Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara ya tatu Seneti iliwaunga mkono.

Lakini kuwa na chama chenye nguvu nako si kinga. Juni 2025 hoja ya kumwondoa Gavana Guyo ilifikishwa katika Seneti ikidaiwa kupitishwa na bunge la Isiolo. Upande wa gavana ulidai kwamba kikao chenyewe hakikufanyika, na mwezi Julai Seneti ilikubali pingamizi hilo na kuitupa kesi. Mzozo huo haukufuata mstari wa vyama.

Sheria yenyewe inaeleza kwa nini kila kiti kinapiganiwa. Katika bunge la wanachama 18, sita, yaani theluthi moja, wanatosha kuanzisha hoja dhidi ya gavana. Kumi na wawili, yaani theluthi mbili, wanatosha kuipitisha. Kumwondoa spika kunahitaji asilimia 75, yaani wanachama 14. Watu saba wenye msimamo mmoja wanaweza kuzuia kutimuliwa kwa gavana.

Ni vizuri kutazama pia nje ya mipaka. Nchini Marekani, ambako majimbo 50 yana mabunge yake, Democrats walitwaa Seneti ya Minnesota mwaka 2022 kwa viti 34 dhidi ya 33, na mwaka 2024 baraza la chini la jimbo hilo likagawanyika sawa, 67 kwa 67. Huko nako kiti kimoja kinatosha kuhamisha usukani. Tofauti ni kwamba hakuna viti maalum vya kugawanywa baadaye, na kwa kawaida mwananchi hujua mwenye wingi mara tu kura zinapomalizika kuhesabiwa.

Ya kuzingatia

Katiba inataka Uchaguzi Mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hesabu hiyo uchaguzi wa 2027 unaangukia Agosti 10. Mkazi wa Burat anayetaka kura yake ifike mbali ana maswali matatu ya kumwuliza anayeomba kiti cha udiwani. Je, chama chako kimeweka nani katika orodha ya uteuzi, na yumo yeyote wa kutoka kwetu? Je, chama hicho kimefunga mkataba na muungano gani? Na je, bajeti ikiletwa, utasimama na wadi au na aliyekupa tiketi?

Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye karatasi ya kura. Asiyeyatafuta kabla ya kupiga kura ataletewa baadaye, wakati ambapo hana tena uwezo wa kuyabadilisha hadi miaka mitano ipite.