Haki na Furaha katika Mashindano ya Kuimba

Mashindano ya kuimba hayakuzaliwa pamoja na televisheni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na hata leo shule za Gachoka, katika nchi ya Wambeere, huzipanda ngazi zake: kutoka kaunti ndogo hadi kaunti ya Embu, kisha kanda, na wenye bahati hufika taifa. Huko mwamuzi huketi mezani na kalamu yake. Hupima sauti, matamshi na mwendo wa wimbo, kisha husimama mbele ya wote akaeleza kwa nini hawa wamewapita wale. Kwaya iliyoshindwa hurudi nyumbani na huzuni, lakini hurudi ikijua ilipungukiwa na nini. Kujua huko, kwa maoni yangu, ni nusu ya haki.

Watu wa pwani walikuwa na desturi nyingine. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyovuma Lamu na Mombasa mapema katika karne ya 20, vilishindana kwa nyimbo, mavazi na karamu, na hukumu ilikuwa vinywani mwa watu. Aghalabu kila upande ulijihesabu kuwa ndio ulioshinda. Haki ilikuwa haba, bali furaha ilikuwa tele.

Mwaka 2006 televisheni ya Afrika Mashariki ilizichanganya desturi hizo mbili katika Tusker Project Fame, shindano lililochukua jina la bia, ambalo mwalimu halitaji darasani bila kukohoa kidogo. Waimbaji walikaa katika nyumba moja, wakafundishwa, wakapunguzwa hatua kwa hatua. Waamuzi walisema yao. Watazamaji nao walipiga kura kwa ujumbe wa simu uliolipiwa. Katika uchaguzi wa wabunge kila mtu ana kura moja. Hapa mwenye fedha za kutuma ujumbe 20 alikuwa na kura 20. Hilo ni soko, wala si uchaguzi.

Msomaji atadhani, basi, kwamba nchi kubwa ilitwaa taji kila mara. Sivyo. Valerie Kimani wa Kenya alishinda mwaka 2006, na Ruth Matete, Mkenya pia, mwaka 2012. Lakini Esther Nabaasa wa Uganda alishinda mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, na Hope wa Burundi mwaka 2013. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Kenya watu milioni 38.6, ile ya Burundi ya mwaka 2008 ilihesabu milioni 8 tu. Wenye waimbaji wengi hugawanya kura zao, na wenye mmoja humkusanyikia. Tena sauti nzuri haiulizwi pasipoti.

Ulaya ilikwisha kuyaona haya. Shindano la Eurovision lilipofanyika mara ya kwanza, mjini Lugano mwaka 1956, nchi zilikuwa 7. Waamuzi walikata shauri faraghani, alama hazikutangazwa, na wenyeji, Waswisi, wakashinda. Manung'uniko hayakukosekana. Kura za simu ziliingia katika nchi chache mwaka 1997, zikaenea. Majirani wakalaumiwa kwa kupeana alama, hata ikabidi waamuzi warudishiwe nusu ya hukumu ya fainali mwaka 2009.

Mimi siichukii kura ya simu. Mtazamaji akinyang'anywa, atazima televisheni akalale, na mwimbaji atamwimbia nani? Lakini kura haina maelezo. Humwondoa kijana jukwaani bila kumwambia kama alipotoka katika sauti, au kama watu wa kwao hawakuwa na salio katika simu. Katika Tusker Project Fame kazi ya kueleza ilimwangukia mwamuzi Ian Mbugua, ambaye wengi walimwona mkali mno. Walimcheka, walimkasirikia, wakangoja wiki nyingine kumsikia tena. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na yule mwamuzi wa tamasha mwenye kalamu, kwa maana mwimbaji aliyeadhibiwa na ulimi wake alijua, usiku uleule, ni noti ipi iliyomponyoka.