Silaha za Ziada na Bonde la Rusizi

Gikundamvura ni kata mojawapo, au kama Wanyarwanda wenyewe wanavyoita, umurenge mmojawapo, wa wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, katika sehemu iliyojulikana zamani kama mkoa wa Cyangugu. Mwalimu wa Kiswahili anayelisikia jina hili kwa mara ya kwanza hahitaji mkalimani mkubwa: mvura ndiyo mvua yetu, na kitenzi gukunda cha Kinyarwanda maana yake ni kupenda. Jirani yake limelala bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga, na huko mto Ruhwa unaingia katika mto Rusizi, mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo hukutana. Katika bonde hili Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya msikiti zamani sana kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Tumeanza na mahali hapa kwa sababu tunataka kuzungumzia jambo ambalo aghalabu huandikwa kutoka upande wa pili, yaani kutoka upande wa maghala na wizara. Jambo hilo ni silaha za ziada: bunduki, risasi na mabomu ambayo jeshi fulani limeyachoka, ama kwa kuwa vita vimekwisha, ama kwa kuwa silaha mpya zimepatikana. Bonde la Rusizi halikuwa na kiwanda cha bunduki. Hata hivyo limeona bunduki nyingi, na nyingi katika hizo zilikuwa kwanza ziada ya mtu mwingine.

Walimu wenzetu waliowahi kufasiri nyaraka za serikali watakuwa wamelikuta neno moja la Kiingereza ambalo sisi huliandika “kuondoa”. Silaha za ziada, nyaraka husema, hazina budi “kuondolewa”. Lakini Kiswahili ni lugha yenye kudai maelezo. Kitu kikiondolewa mahali hupelekwa mahali pengine. Mtu akisema ameondoa gunia ghalani, msikilizaji atauliza limekwenda wapi. Neno lile la Kiingereza hufunika vitendo vinne ambavyo sisi tuna vitenzi vinne kwa ajili yake: kuuza, kugawa, kutupa na kuteketeza. Historia tutakayoisimulia hapa ni historia ya vitenzi hivyo vinne, na ya tofauti kubwa iliyopo baina yao.

Katika karne ya kumi na tisa majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha zao mara mbili katika kipindi cha chini ya miaka thelathini. Kwanza, baada ya vita vya mwaka 1866 baina ya Prussia na Austria, kila dola ilitaka bunduki inayojazwa nyuma, si ile ya kushindilia baruti mdomoni. Kisha, baada ya Wafaransa kutoa bunduki ya Lebel mwaka 1886 pamoja na baruti isiyotoa moshi, zile zilizokuwa mpya jana zikawa kuukuu leo. Maghala yakajaa mamilioni ya bunduki zisizotakiwa. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya chini. Mafundi, hasa wa mji wa Liège huko Ubelgiji, walizitengeneza upya kwa soko la Afrika, na sehemu kubwa ikashushwa Unguja. Balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki zilizoingia zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Kutoka pwani zilipanda na misafara hadi Tabora na Ujiji. Ujiji ndiko alikokuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye watu wake walifika kwa bunduki hizo hadi kaskazini ya ziwa Tanganyika, mlangoni mwa bonde la Rusizi, wakazuiliwa na mwami Mwezi Gisabo wa Burundi.

Msamiati wetu unaikumbuka biashara hiyo vizuri kuliko vitabu vingi. Tunayo gobori, tunayo bunduki ya gumegume, tunayo fataki. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yenyewe ya kuyeyushwa. Mzinga ni nyumba ya nyuki kwanza, kisha ndipo ukawa chombo cha vita. Mwanafunzi akipangiwa maneno haya kwa mfuatano atauona mkondo mzima wa bidhaa kuukuu za Ulaya ukipita katika lugha yake.

Wazungu wenyewe waliuona mwisho wa mchezo huo. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao kwa kawaida hukumbukwa kwa habari ya utumwa tu, mna vifungu kadhaa vya silaha. Ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Silaha zilizoruhusiwa zilitakiwa ziwekwe katika ghala la serikali, ziandikwe daftarini na zipigwe chapa. Msomaji atashangaa jinsi masharti hayo yanavyofanana na yale ya siku zetu. Ila kulikuwa na tundu kubwa: bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuendelea kuuzwa, na serikali za kikoloni zenyewe hazikubanwa. Mkataba haukukusudia kuondoa ziada ya Ulaya katika Afrika. Ulikusudia kuamua nani aishike.

Jibu lilionekana karibu na Gikundamvura baada ya miaka sita tu. Mwami Kigeri Rwabugiri alikuwa amefariki mwaka 1895. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru la Kongo, kikiongozwa na ofisa aitwaye Sandrart, kilijenga ngome Shangi, kando ya ziwa Kivu, kaskazini kidogo ya mji wa Cyangugu. Jeshi la Rwanda, ambalo lilikuwa limeogopwa katika eneo lote la maziwa, likaja kumfukuza kwa mikuki na pinde, likavunjwa kwa risasi. Askari wa Dola la Kongo kwa kawaida walibeba bunduki ya Albini. Hiyo ilikuwa bunduki ya jeshi la Ubelgiji hadi lilipochukua Mauser mwaka 1889. Ilikuwa, kwa lugha ya makarani, silaha ya ziada. Na ziada hiyo ilitosha kuligeuza mguu kwa mguu taifa zima.

Wajerumani waliofuata hawakuwa tofauti. Hata mwaka 1914 askari wao wengi katika Afrika ya Mashariki walikuwa wakitumia bunduki ya mwaka 1871, yenye baruti ya moshi, ambayo jeshi la Ujerumani kwao lilikuwa limekwisha iacha. Kila alipopiga risasi, askari alijifichua kwa wingu jeupe juu ya kichwa chake. Tunalitaja jambo hili ili ionekane kwamba aliyepewa ziada naye pia aliweza kuilipia kwa damu. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka Rusizi, na vita vikaenda kusini. Vilipokwisha kwa Wajerumani huko Mbala, mwezi wa Novemba 1918, silaha nyingi zilizosalimishwa zilitupwa katika ziwa dogo la Chila. Kutupa majini si njia safi, na baadhi ya vyuma hivyo viliopolewa baadaye. Lakini hatujasikia kwamba bunduki iliyotupwa Chila iliua mtu.

Sasa tunafika mwaka 1994, na hapa hatuwezi kupita haraka.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza mwezi wa Aprili. Mara nyingi husemwa kwamba yalifanywa kwa panga. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mahali walipokusanyika watu wengi kujihami, katika makanisa na mashule, wauaji wenye panga na marungu mara nyingi walirudishwa nyuma kwa mawe; bunduki na mabomu ya mkono ndivyo vilivyovunja ulinzi, panga likafuata. Ndivyo ilivyokuwa pale pale Shangi, katika parokia, tarehe 29 Aprili 1994. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilithibitisha katika hukumu ya mwaka 2010 kwamba miongoni mwa walioshambulia siku hiyo walikuwamo wanamgambo waliotoka Bugarama, bondeni.

Tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha. Mwezi mmoja haukutimia sawasawa kabla marufuku hayo hayajavunjwa, na jinsi yalivyovunjwa ndiko kunakotuhusu. Mwaka 1993 serikali ya Shelisheli ilikuwa imeikamata meli iitwayo Malo, iliyobeba silaha zilizokuwa zikipelekwa Somalia, nchi ambayo nayo ilikuwa chini ya marufuku. Hadi hapo jambo lilikuwa jema. Silaha zikashushwa na kuwekwa ghalani. Lakini baada ya kuwekwa, zikawa ziada: shehena kubwa kuliko mahitaji ya jeshi dogo la visiwa, mzigo wa kulinda, na kishawishi cha kupata fedha za kigeni. Zingeliweza kuteketezwa. Zikauzwa.

Wanunuzi walifika mwezi wa Juni 1994, mfanyabiashara mmoja wa Afrika Kusini pamoja na kanali Théoneste Bagosora wa Rwanda. Walileta cheti kilichoonyesha kwamba mnunuzi ni wizara ya ulinzi ya Zaire. Dola za Marekani zipatazo 330,000 zililipwa kupitia benki ya Geneva. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Juni, na tena usiku wa tarehe 18 kuamkia 19, ndege iliruka na tani zipatazo 80 za bunduki, mabomu na risasi, ikazishusha Goma, mpakani kabisa mwa Rwanda. Serikali ya Shelisheli ilieleza baadaye kwamba iliamini inaiuzia Zaire, na kwamba ilipotambua ukweli ilisimamisha sehemu iliyobaki. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1995 ndiyo iliyoyaweka haya yote wazi, katika taarifa zake za mwaka 1996. Bagosora alihukumiwa Arusha mwaka 2008, akapunguziwa kifungo kuwa miaka 35 katika rufani ya mwaka 2011, akafariki Mali mwaka 2021.

Kwa hiyo silaha zilizozuiliwa zisiue Somalia zilikabidhiwa, kwa stakabadhi na hati, kwa mmoja wa wakuu wa mauaji ya Rwanda. Hakuna aliyeziiba ghalani. Ziliondolewa.

Yaliyofuata huku kusini yalikuwa mwendelezo wa jambo lile lile. Wafaransa walioingia Cyangugu mwishoni mwa Juni waliondoka tarehe 21 Agosti 1994, na umati mkubwa ukavuka Rusizi kwenda Bukavu, raia na wanajeshi wa serikali iliyoshindwa wamechanganyika. Askari wa Zaire walikusanya silaha mpakani. Sehemu ya silaha hizo iliuzwa. Sehemu ikawarudia wenyewe waliozisalimisha. Nyingine hazikusalimishwa kamwe. Miaka miwili iliyofuata watu wa Cyangugu walishambuliwa usiku kutoka ng’ambo, na mwezi wa Oktoba 1996 vita vikawaka katika Kivu. Kuanzia hapo bunduki zilivuka mto huu kwa pande zote mbili, hata isingewezekana tena kueleza asili ya moja moja kama haina chapa inayosomeka.

Chapa, basi, ilirudi. Itifaki ya Nairobi iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwamo, inadai silaha za serikali zipigwe alama, ziandikwe, zihifadhiwe salama, na zile za ziada zikusanywe na kuteketezwa au kuondolewa kwa njia ya uwajibikaji. Kitenzi chetu kimerudi pia, na tundu lake. Kenya ilichagua njia iliyo wazi mwezi wa Novemba 2016, ilipozichoma moto bunduki 5,250 huko Ngong mbele ya watu. Tanzania nayo ilijifunza kwa uchungu kwamba hata kuhifadhi kuna hatari yake: maghala ya risasi na mabomu yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, makumi ya watu wakapoteza maisha katika matukio hayo mawili, wengi wakiwa raia waliokuwa majumbani mwao. Baruti huzeeka. Bunduki, kwa bahati mbaya, huzeeka polepole mno. Ikipakwa mafuta na kufungwa vizuri, yaweza kuwazika wajukuu wa fundi aliyeiunda.

Tumewahi kuwapa wanafunzi wa darasa la tafsiri sentensi moja inayofanana na ile ya Itifaki, bila kuwaeleza historia yake. Karibu wote waliandika “kuondoa”. Msichana mmoja aliyekulia upande wa Bugarama aliliacha neno hilo wazi, akaandika pembeni mwa daftari: “Mwalimu, ziende wapi?” Tulimpa alama zote.