Fataki ya Ukingoni: Historia ya Bunduki Ndogo ya Shabaha na Majina Yake

Watu wa pwani waliozipokea bunduki za kigeni katika karne zilizopita walikuwa na desturi njema ya kuzipa majina. Waliuliza jambo moja tu: moto waingiaje katika baruti? Iliyowashwa kwa utambi waliiita bunduki ya mrao. Iliyowashwa kwa cheche za jiwe waliiita gumegume. Kilipokuja kile kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa, kikaitwa fataki. Na ile iliyofunguliwa kwa nyuma, ikatiwa baruti na risasi ambazo zimekwisha kupimwa na kufungwa pamoja, ikaitwa bunduki ya viasi. Majina haya yamo katika kamusi zetu za zamani, na mtu ayasomapo kwa mfuatano huo huipata historia ya ufundi wa bunduki karibu yote.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama bunduki moja ambayo haikubahatika kupata jina la namna hiyo. Ni ile ambayo kwa kawaida huitwa "bunduki ndogo", au hutajwa kwa namba yake tu, ishirini na mbili. Wanaoitafuta ni watu wa aina mbili: wawindaji wa wanyama wadogo kama sungura, na walenga shabaha wa viwanjani. Wote wawili hutaka bunduki iliyo sahihi. Sasa, maneno haya mawili mepesi, "ndogo" na "sahihi", ndiyo yanayompotosha mtafsiri wa vitabu vya maelekezo, na tusipoijua historia hatutaona ni kwa nini.

Asili ya bunduki hii ni Paris. Mwaka 1845 fundi Louis-Nicolas Flobert alichukua fataki ya kawaida, akaipachika kirisasi cha mviringo mdomoni. Hakuongeza baruti. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kukifikisha kirisasi upande wa pili wa sebule, na kwa kweli sebuleni ndimo bunduki hizo zilimotumiwa, kwa mchezo wa wenye nafasi. Huko Marekani, Horace Smith na Daniel Wesson walilirefusha ganda, wakatia baruti kidogo, na dawa ya fataki wakaieneza ndani ya mkunjo wa ukingo wa ganda. Risasi hiyo ikatoka pamoja na bastola yao ya mwaka 1857. Hapo ukingo ukapata kazi mpya. Pini ya bunduki hugonga ukingo, ukingo ukapondeka, na dawa iliyomo ikawaka na kuiwasha baruti.

Kwa muda mfupi ilidhaniwa kwamba njia hii ndiyo itakayotawala. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860, yenye risasi nene za inchi 0.44, na ile ya Spencer, zote za fataki ya ukingoni, zilitumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Lakini ufundi huu umebeba kizuizi chake ndani yake. Ili ukingo upondeke, ganda sharti liwe jembamba na laini. Na ganda la namna hiyo haliwezi kuhimili nguvu ya baruti nyingi. Bunduki kubwa zikahamia kwenye fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda, na ya ukingoni ikaachiwa risasi ndogo. Kwa hiyo udogo wa bunduki hii umetokana na mahali fataki yake ilipo. Anayeiita "ndogo" ametaja matokeo na kuacha sababu, jambo ambalo wale wa mrao na gumegume hawakulifanya.

Mwaka 1887 kiwanda cha Stevens cha Massachusetts kiliunganisha ganda refu lililokuwapo tangu mwaka 1871 na risasi nzito zaidi, ya gramu 2.6 hivi. Hiyo ndiyo .22 Long Rifle, na hadi leo ndiyo risasi ya viwanja vya shabaha na ya wawindaji wa sungura karibu duniani kote.

Miaka mitatu tu baadaye likatukia jambo ambalo kwa maoni yetu limeacha alama katika lugha. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba ambao lengo lake kuu lilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, lakini uliokuwa pia na vifungu kuhusu silaha. Katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini ilikatazwa kuingiza silaha, hasa zile ambazo mkataba wenyewe uliziita silaha za usahihi, zikiwamo bunduki za mifuo na zile za kutilia risasi kwa nyuma. Kilichoweza kuruhusiwa, kwa masharti, ni gumegume zisizo na mifuo mtutuni na baruti ya kawaida ya biashara. Magendo yalikuwapo, hilo halina ubishi, na dola zilikuwa na njia zake za kutoa ruhusa. Hata hivyo twaona kwamba gobore ndilo lililobaki mikononi mwa watu wa kawaida, na maneno ya gobore ndiyo yaliyobaki vinywani mwao. Msamiati wa mtutu wenye mifuo ulikaa kambini na ofisini, katika lugha ya mtawala. Hata "kiasi", kwa maana ya risasi iliyo kamili na ganda lake, limesahaulika, na neno "risasi" limemeza kila kitu: madini yenyewe, kichwa kinachoruka, na ganda linalobaki.

Mifuo ni ile mistari iliyochimbwa kwa msokoto ndani ya mtutu. Seremala wetu hulijua neno hilo kwa mstari anaouchora juu ya ubao. Kazi yake ni kuizungusha risasi ili isipinduke hewani, kama pia ya watoto inavyosimama wima kwa sababu inazunguka. Katika mitutu ya .22 Long Rifle msokoto wa kawaida ni mzunguko mmoja katika inchi 16, yaani milimita 406 hivi.

Huko Ulaya bunduki hii ilipata heshima kwa sababu ya aibu ya vita. Katika vita vya Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, Waingereza waliona jinsi Makaburu walivyowashinda kwa kulenga. Lord Roberts, aliyekuwa mkuu wa majeshi huko, akawa mhubiri mkubwa wa kuwafundisha raia shabaha, na kwa kuwa mtu wa mjini hana uwanja wa mita mia tano wala fedha za risasi kubwa, bunduki ya fataki ya ukingoni ndiyo iliyofaa. Jumuiya ya vilabu iliyoanzishwa mwaka 1901 ndiyo iliyokuja kuitwa, tangu mwaka 1947, National Small-bore Rifle Association. Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908 ilikuwa na mashindano ya bunduki hizi. Marekani ikatoa Winchester 52, iliyouzwa tangu mwaka 1920 hadi 1980, na baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Anschütz, kilichoanza upya mjini Ulm mwaka 1950, kikawa jina linalotajwa kwanza mashindanoni. Jambo moja dogo la kipindi hicho lifaa kukumbukwa na watafsiri: fataki za kabla ya mwisho wa miaka ya 1920 ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mtutu ulishika kutu upesi. Kitabu cha zamani kinapoamuru mtutu uoshwe kwa maji ya moto kila jioni, hakikukosea.

Sasa tuje kwenye "sahihi". Mnunuzi akiuliza kama bunduki ni sahihi, anauliza nini? Kiswahili kina neno zuri, shabaha, lakini shabaha ni ya mtu: twasema fulani ana shabaha. Bunduki iliyofungwa juu ya meza imara haina shabaha kwa maana hiyo, na bado moja ni njema kuliko nyingine. Kuna sifa mbili hapa. Ya kwanza ni kupiga pale palipolengwa; hiyo hurekebishwa kwa kuzungusha skurubu za kilengeo, nayo ni kazi ya dakika chache. Ya pili ni kupiga mahali pale pale kila mara. Hii hairekebishwi kwa skurubu, nayo ndiyo inayolipiwa fedha. Bunduki inayotoboa matundu matano yaliyoshikana, hata kama yako kando ya alama, ni bunduki njema ambayo kilengeo chake hakijatengenezwa. Ile inayotawanya matundu kuizunguka alama ni mbovu, hata kama moja limeingia katikati kwa bahati. Kwa sifa hii ya pili twapendekeza neno "mkusanyo", na "usahihi" libaki kwa ile ya kwanza. Mtafsiri akitumia neno moja kwa zote mbili, msomaji atairudisha dukani bunduki njema na kuiweka mbovu.

Jinsi mkusanyo unavyopimwa hutegemea kazi. Katika mashindano ya mita 50, duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi yenyewe ina milimita 5.6. Mlengaji wa namna hiyo hutafuta mtutu mzito, chemba iliyobana kiasi cha risasi kuigusa mifuo kabla ya kupigwa, na kifyatuo chepesi kisichokokota. Mwindaji wa sungura hahitaji hayo yote. Mkusanyo wa milimita 25 kwa mita 50 wamtosha kupiga kichwa, mnyama asiteseke. Kinachomfaa zaidi ni bunduki ya kilo tatu au chini yake, ambayo risasi ya kwanza kutoka katika mtutu uliopoa huenda pale pale ilipokwenda jana. Hana risasi ya pili, maana sungura hangoji.

Lakini mtutu bila risasi yake ni nusu ya jambo. Kila mtutu huwa na risasi unazozipenda, na hakuna awezaye kujua bila kujaribu. Mashindanoni watu hupima hata toleo moja na toleo jingine la risasi za aina ile ile, na viwanda vikubwa huwaruhusu walete bunduki zao zipimwe kiwandani. Tena wengi hudhani kwamba risasi yenye kasi ni bora. Risasi za mashindano huenda kwa mita 320 au 330 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, kwa makusudi. Ile ya kasi kubwa huanza juu ya kasi ya sauti na kuishuka njiani, hewa ikaizuia kwa nguvu pale pale, na mwisho wake upepo huisukuma kando zaidi kuliko ile ya polepole.

Turudi kwenye jina, maana hapa pana hatari ya kweli. Namba 22 si jina. Risasi ya .22 WMR, iliyotolewa mwaka 1959, ina namba hiyo na fataki ya ukingoni vilevile, lakini ganda lake ni nene zaidi; .22 Long Rifle ikitiwa katika chemba yake hulegea, na ganda laweza kupasuka. .22 Hornet nayo ina namba hiyo, na fataki yake iko katikati. Vitabu vya maelekezo huonya pia kwamba bunduki ya ukingoni isifyatuliwe ikiwa tupu, kwa kuwa katika nyingi ya hizo pini huweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu; onyo hilo likitafsiriwa bila kutaja ukingo huwa amri isiyo na sababu, na amri ya namna hiyo hupuuzwa. Na neno "ndogo" ni baya kuliko yote. Risasi hiyo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na kumdhuru mtu. Karani anayejaza fomu ya kibali, au mwalimu wa mgambo anayeandaa somo, akiandika "bunduki ndogo" amekwisha kumwambia msomaji asiogope.

Twapendekeza basi "bunduki ya fataki ya ukingoni" kwa hii, na "bunduki ya fataki ya kitovuni" kwa zile ambazo fataki yake iko katikati. Kinachoruka kiitwe kichwa cha risasi, kinachobaki kiitwe ganda, kama polisi wanavyosema tayari, na "risasi" liwe la kitu kizima. Tumekwisha kusikia pingamizi kwamba fataki siku hizi ni baruti ya sherehe, au, kwa kampeni za redio zilizosikika Tanzania tangu miaka ya 2000, ni mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Maana hizo zote zimezaliwa na ile ya kwanza, na hakuna msomaji atakayezichanganya akiona ganda limetajwa karibu yake. Wengine wangependa "kasiba" badala ya "mtutu". Ni neno la kale na zuri, lakini mtutu umekwisha kuenea, na hatuoni faida ya kuurudisha nyuma. Kwa kifyatuo na kilengeo hatuna pendekezo jipya.