Kisutu na Shela: Vazi Linalompendeza Bi Harusi

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri makalio. Katika visiwa vya Unguja na Pemba methali hiyo ilikuwa zaidi ya mzaha wa barazani, kwani zama za utumwa wanawake wengi visiwani walivaa kile walichopewa na wenye kuwamiliki. Kwa hivyo historia ya vazi la bi harusi si historia ya uzuri wa nguo peke yake. Ni historia ya nani alikuwa na haki ya kuchagua.

Baada ya mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani, majora ya pamba isiyotiwa rangi yalimiminika Unguja kutoka bandari ya Salem, Massachusetts. Watu wakaiita merekani, jina la nchi ilikotoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa. Na ilipochovywa katika nili hadi ikakolea weusi, ikawa kaniki. Upande wa pili, mabibi wa majumba ya kifalme walivaa kanzu za hariri, suruali zenye marinda miguuni, na barakoa zilizotariziwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliyaeleza mavazi hayo kwa mapana katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mtu akitazama nguo tu, aliweza kumtambua muungwana na mjakazi.

Amri ya 1897 iliiondolea hali ya utumwa nguvu yake ya kisheria, ingawa aliyetaka uhuru alipaswa mwenyewe kuuomba, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Miaka hiyo hiyo kanga ilikuwa imekwisha kuenea mwambaoni. Inasimuliwa kuwa ilianzia kwa leso zilizounganishwa sita sita. Na jina hilo la leso, lenye asili ya Kireno, lingali likitumika Mombasa hadi leo. Wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki wakanunua rangi. Ilikuwa ni kutangaza, bila ya kusema neno, kwamba mvaaji hana tena bwana.

Katika kanga zote, iliyopewa heshima ya harusi ni kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Uzuri wake kwa bi harusi una sababu zake. Kanga haikukatwa kwa kimo cha mtu. Haina kiuno wala mkono. Nguo hii humfuata mvaaji, wala haimlazimishi yeye kuifuata. Mwanamke mfupi hupandisha ukingo wa juu na kuukunja. Mwembamba huzidisha mzunguko. Mnene huiachia kidogo ili isimbane. Lenye kutakiwa ni pindo likae sawa chini na mji uangukie mahali pake. Hapo ndipo ilipo kazi ya somo anayempamba mwari: kuujua mwili ulio mbele yake kabla ya kuijua nguo.

Gauni jeupe la harusi lina nasaba nyingine. Huko Uingereza, Malkia Victoria aliolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa hariri nyeupe iliyopambwa kwa lasi ya Honiton. Kabla yake maharusi wengi wa Ulaya walivaa rangi waipendayo. Baada yake weupe ukawa desturi, kisha ukavuka bahari. Gauni la namna hii hukatwa na kushonwa, na mishono yake huamua kila kitu. Mshono uliopandishwa chini ya kifua humrefusha aliye mfupi. Sketi iliyotanuka kuanzia kiunoni husitiri nyonga. Lililobana mwili mzima halimwachi mvaaji apumue wala akae kitako kwa raha. Fundi asiyepima kifua, kiuno na nyonga kwa makini hawezi kuficha kosa lake kwa shela, hata liwe refu namna gani.

Ajabu iliyopo ni hii: visiwani nyeupe ilikuwa kwanza rangi ya merekani, nguo ya asiye na hiari, na ni rangi ya sanda. Leo huvaliwa kwa fahari ukumbini, mara nyingi ikiwa gauni la kukodi litakalorejeshwa baada ya harusi. Hapana ubaya katika hilo, maadamu mvaaji ndiye aliyelichagua na limemkaa. Bali wajukuu wa wale walioitupa kaniki wangali wakikiweka kisutu katika sanduku la mwari, chini ya asumini na udi. Gauni litarudi kwa mwenyewe. Kisutu kitabaki nyumbani, na siku moja kitambebea mtoto.