Nukta Nyekundu Katikati ya Kibodi

Laptopu yangu ya kwanza iliuawa na kikombe cha chai. Ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, na mamangu alikuwa amekopa kwenye chama ili niinunue, baada ya mimi kuacha chuo mwaka wa pili na kumwapia kwamba ningejilisha kwa kuandika. Nikaipeleka Luthuli. Fundi akaifungua, akamulika ndani na simu, akairudisha mezani.

"Boss, hapa kila kitu kimechomelewa kwa bodi. Kuitengeneza ni bei ya mashine ingine."

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Tafuta ThinkPad ya ex-UK. Hiyo hata ukiimwagia chai, tunaongea."

Deni la chama lilikuwa limebaki na miezi mitano.

Makala hii naiandika kwenye ThinkPad hiyo, T480, modeli ya 2018. Wasee huniambia inakaa ya karani wa kaunti: nyeusi, nzito, haina swagi. Ni kweli. Iliundwa kwa ajili ya makarani, na hapo ndipo historia yake inaponoga.

Jina lenyewe ni kongwe kuliko mashine. Thomas Watson, aliyeanza kuiongoza IBM mwaka wa 1914, alilifanya neno THINK, yaani fikiri, kuwa wito wa kampuni. Lilibandikwa ukutani, na wafanyakazi wakapewa vijitabu vya mfukoni vyenye neno hilo kwenye jalada. Vijitabu hivyo ndivyo vilivyoipa laptopu jina. ThinkPad 700C ilipotoka Oktoba 1992, bei yake ilikuwa dola 4,350. Nani angetoa doo kama hiyo mfukoni mwake? Wanunuzi walikuwa kampuni, benki, idara za serikali. Na idara haina haja na urembo. Inachotaka ni kwamba mashine mia zikisumbua, fundi mmoja wa ofisi azirudishe kazini bila kuzisafirisha kokote.

Umbo lilichorwa na Richard Sapper, Mjerumani aliyefanyia kazi Milan, akiwazia bento, kile kisanduku cha chakula cha Wajapani: nje kimya, ukifungua ndio unaona mambo. Uhandisi ulifanyika Yamato, Japani, chini ya Arimasa Naitoh. Nukta nyekundu, ile iliyokaa kati ya G, H na B, ni kazi ya Ted Selker. Alikuwa amesoma kwamba mkono ukitoka kwenye kibodi kwenda kwenye kipanya unapoteza robo tatu ya sekunde, na hesabu hiyo ikamkera vya kutosha akaunda kijiti ambacho kidole kinakisukuma bila mkono kuhama. Shida ilikuwa rangi. Ndani ya IBM, nyekundu ilikuwa ya swichi ya kuzima mitambo wakati wa dharura, basi. Wabunifu wakasema hiyo si nyekundu, ni majenta. Ikapita. Yeyote aliyewahi kupanga foleni na fomu mkononi anaujua ujanja huo.

Desemba 1993 ThinkPad ilikuwa angani, ndani ya chombo cha Endeavour kilichokwenda kurekebisha darubini ya Hubble. Mashabiki hupenda kutaja hiyo. Mimi napenda zaidi kitu kisicho na sifa: mwongozo wa ukarabati. IBM, na baadaye Lenovo, ilitoa mwongozo wa modeli zake, skrubu kwa skrubu, ukaachwa wazi yeyote aupakue bure. Fundi wangu anao kwenye simu. Hakuna aliyemfikiria yeye wakati unaandikwa. Ulikuwa wa yule fundi wa idara.

IBM iliiuzia Lenovo ya China biashara yake ya kompyuta ndogo mwaka wa 2005, na watu wakaomboleza ati ThinkPad imekufa. Haikufa, Yamato waliendelea na kazi. Kwangu mambo yaligeuka 2012, ilipokuja X1 Carbon, nyembamba, ya kuvutia, memori yake imechomelewa kwenye bodi. T480 yangu bado ni ya ule ukoo wa zamani. Ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaichomoa na kupachika nyingine mashine ikiendelea kuwaka. Stima ikipotea mtaani saa nne usiku na mteja anangoja kazi asubuhi, sihitaji kuelezwa maana ya hiyo betri. Modeli iliyofuata, T490, ikaiondoa.

Ofisi za Ulaya hubadilisha laptopu kila baada ya miaka michache, na zile zinazotolewa huuzwa kwa jumla, nyingine zikaishia huku. Yangu ilikuja na stika ya namba ya mali ya ofisi fulani, na juu ya kitufe cha 3 kuna alama ya pauni ambayo sijawahi kuitumia. Nililipa 32,000. Karani wa kwanza hakulipa kitu, alilipiwa na idara yake. Lakini tunachokipata Luthuli ni kile idara hiyo ilichodai, na siku hizi nyingi hudai wembamba. Mwaka wa 2024 Lenovo ilirudisha nafasi mbili za memori kwenye T14, kwa hivyo huenda zitakazotufikia baadaye zikawa na afadhali.

Mwezi uliopita nilimwaga chai tena. Fundi akalegeza skrubu mbili chini, akaitelezesha kibodi, akaitoa, akaweka nyingine. Dakika kumi, 2,500. Kando ya yangu kulikuwa na X1 Carbon iliyofunguliwa, na mwenyewe, dada mmoja aliyevaa beji ya kazini, alikuwa amesimama akiuliza, "Sasa nifanye nini?"