Titan wa Sparwood na Tarikhi Yake

Katika bonde la Mto Elk, kusini-mashariki mwa jimbo la British Columbia nchini Kanada, pale barabara kuu nambari 3 inapopita chini ya milima ya Rocky ikielekea kipito cha Crowsnest, limesimama kando ya njia lori la rangi ya kijani ambalo msafiri asiyelijua hulidhania ni jengo mpaka ayaone magurudumu yake. Urefu wake ni kiasi cha mita 20, na bodi lake linapoinuliwa ncha yake hufika mita 17 juu ya ardhi. Jina lake rasmi ni Terex 33-19, na lakabu yake ni Titan. Nalo halina pacha, kwa sababu la pili mfano wake halikupata kutengenezwa.

Asili ya lori hili haikuwa mgodini, bali mahakamani. General Motors ilikuwa imeinunua mwaka 1953 kampuni ya Euclid ya Ohio, iliyokuwa mashuhuri kwa malori ya machimboni, na mwaka 1959 serikali ya Marekani ikaishitaki kwa hoja kwamba ununuzi ule ulidhuru ushindani wa biashara. Daawa hiyo ilikokotwa kwa miaka mingi, na sulhu ilipopatikana, mwaka 1968, General Motors ililazimika kuliuza jina la Euclid na biashara ya malori yake kwa kampuni ya White Motor, na kujizuia kwa miaka minne kuyatengeneza malori ya namna hiyo nchini Marekani. Yale yaliyosalia mikononi mwake ndiyo yaliyopewa jina jipya la Terex. Nako katika mji wa London, jimbo la Ontario, General Motors ilikuwa na kiwanda cha vichwa vya treni. Na kiwandani humo, miongoni mwa mafundi wa reli, ndimo Titan alimoundwa.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa, maana ndilo lililoamua umbo na tabia ya lori lenyewe. Injini iliyotiwa ndani yake ilikuwa injini ya treni hasa, yenye silinda 16 na nguvu za farasi 3,300, wala haikuyazungusha magurudumu moja kwa moja kwa gia: iliendesha jenereta, na umeme uliotoka humo ukapelekwa kwenye mota za magurudumu ya nyuma, kama ifanyikavyo katika kichwa cha treni ya dizeli. Likiwa tupu lori lilikuwa na uzito wa tani zipatazo 230, na likishapakiwa tani 317 za mawe, jumla ilipindukia tani 540. Kwa kuwa zama zile haukuwapo mpira wa gurudumu uwezao kustahimili sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo, wahandisi waliugawa juu ya mipira 10, miwili mbele na minane nyuma, na kila mmoja ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita tatu.

Titan alionyeshwa kwa mara ya kwanza Las Vegas, Oktoba 1974, katika maonyesho ya wachimba madini, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika mgodi wa chuma wa Eagle Mountain, jangwani kusini mwa California, uliokuwa mali ya Kaiser Steel. Mwaka 1978 akasafirishwa kwa reli hadi Sparwood, kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Kaiser Resources, ambayo makaa yake yalikuwa yakienda Japani kuyeyushia chuma.

Ilhali soko lililotarajiwa halikuja. Uhitaji wa makaa ulilegea, na wenye migodi wakasita kununua. Nami naona hesabu yao haikuwa ya woga, kwani mgodi uliotegemeza shehena yake juu ya magari machache makubwa mno hupata hasara kubwa siku liharibikapo hata moja tu kati yake. Hata hivyo Titan aliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1991, na kwa uwezo wa kubeba hakuna lori lililompita mpaka 1998, ilipotokea Liebherr T 282, iliyosimama juu ya mipira sita tu, kwa kuwa elimu ya kutengeneza mipira ilikuwa imekwisha kusonga mbele.

Lori lililokwisha kazi aghalabu hukatwa na kuuzwa kwa uzani. Kwamba hili halikukatwa ni fadhila ya watu wa Sparwood, ambao wengi wao walitoka katika jamii iliyojua maana ya kuondolewa: miji ya kale ya Natal na Michel, iliyojengwa karibu na machimbo na kufunikwa na vumbi la makaa, ilibomolewa kuanzia miaka ya 1960, na wakaazi wake wakahamishiwa Sparwood. Watu hao walilikarabati lori, wakalipaka rangi, na tangu miaka ya 1990 likawekwa hadharani, alitazame kila apitaye.

Lakini injini yake iliondolewa, na hilo ndilo linalonisikitisha. Mgeni huuona ukubwa wa chuma na kupigwa picha penye gurudumu, akaondoka asijue kwamba alichokitazama ni ndugu wa treni, na kwamba hekima yote ya chombo kile ilikuwa katika sehemu asiyoweza kuiona. Injini za jinsi hiyo zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya reli; moja iliyostaafishwa, ikipasuliwa ubavuni na kuwekwa karibu na lori, ingetosha kumfahamisha hata mtoto namna mafuta yalivyogeuka umeme na umeme ukageuka mwendo. Na kando yake ziwekwe sauti za madereva na mafundi waliolihudumia lori hilo tangu 1978 hadi 1991, zinaswe sasa, maadamu wapo wenye kukumbuka jinsi lilivyopanda mteremko likiwa na shehena kamili.